Je, Wajua? Kazi ya "-ka-" Katika Kiingereza Hugawanywa

Kiambishi "-ka-" hubeba peke yake mzigo ambao Kiingereza huugawa kati ya kitenzi, kiunganishi na alama ya uandishi. Katika "Alivuka Daraja la Mkapa, akafika Nyamwage, akashuka", wakati umetajwa mara moja tu, kwa "-li-". Kiingereza hudai kila kitenzi kionyeshe wakati uliopita: "crossed", "reached", "got off", na "and" hutangulia kile cha mwisho. Tena, koma pekee haiunganishi sentensi mbili kamili. Panatakiwa nukta, nukta mkato, au koma ikifuatwa na "and", "but" au "so". Hapa ndipo insha nyingi za kidato cha kwanza hupoteza alama, kwa kuwa mwanafunzi ametoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili.

Kigumu zaidi ni "-me-". "Amekuja jana" husikika kila siku, lakini "has come yesterday" ni kosa. Siku ikitajwa, husemwa "came yesterday". Vivyo hivyo, daraja hilo "opened in 2003", si "has opened in 2003". Wakati usipotajwa, "has opened" huweza kukubalika.