Mizani Yenye Waya: Tujue Kinachopita Humo



Siku hizi ndani ya mizani nyingi za kiwandani na za kupimia mazao mna kompyuta ndogo sana, iitwayo mikrokontrola. Ikiunganishwa na ofisi kwa waya, kilo zetu hufika kwenye hesabu za mishahara bila karani kuandika. Jambo hili si baya. Lakini yatupasa kulielewa, maana ujira wetu unapita katika waya huo.

Utaratibu wa waya huo huitwa Etheneti. Ulianza mwaka 1973 huko Marekani, katika maabara ya Xerox, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Habari husafirishwa kwa vifurushi. Kifurushi kikubwa cha kawaida kina baiti 1,518, na baiti moja ni nafasi ya herufi moja.

Sasa, mikrokontrola ya ATmega328P, inayotumika sana, ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu. Kifurushi kimoja kikubwa kingekula karibu robo tatu yake. Kwa hiyo mafundi huongeza chipu ya pili, kama ENC28J60, yenye ghala la baiti 8,192. Hiyo hupokea mzigo, na mikrokontrola huchota kidogo kidogo.

Mwisho wa kila kifurushi huwekwa baiti 4 za ukaguzi. Zisipolingana, kifurushi hutupwa. Ukaguzi huo hugundua habari iliyoharibika njiani. Haugundui mtu aliyeandika kilo 15 badala ya 18. Tena chipu hiyo haina kufuli la siri, na mikrokontrola ndogo hivyo haina nafasi ya kuweka kufuli kama lile la benki. Mtu akiupata waya, aweza kusoma habari na hata kuibadili.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, mizani imwonyeshe mfanyakazi uzito na kumpa karatasi kabla ya kuupeleka ofisini. Pili, waya wa mizani utengwe na kompyuta nyingine. Tatu, mwakilishi wetu awepo mkaguzi wa vipimo anapofika, na karatasi zetu zilinganishwe na hesabu za ofisi kila mwisho wa mwezi.

Ndugu wawakilishi wa matawi, pelekeni madai haya mapema, kabla fundi hajafunga waya. Na kila mmoja wetu atunze karatasi zake.