Walilinda Msitu Wao

Je, unaujua Msitu wa Karura? Uko Nairobi, nchini Kenya. Una zaidi ya hekta 1,000. Ni mali ya umma.

Mwaka 1998 ilijulikana kuwa sehemu za msitu zimegawiwa watu binafsi. Miti ilikatwa ili nyumba zijengwe. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikataa. Walikwenda kupanda miche. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa. Yeye aliumizwa kichwani. Hawakuacha. Wanafunzi nao waliandamana. Ujenzi ulisimama. Leo msitu upo.

Nyumba ni muhimu, lakini zina mahali pake. Ukiona shamba au msitu wa umma unapimwa viwanja, uliza: Nani ameruhusu? Uliza mapema. Tena ulizeni wote pamoja.