Kununua gari mkononi: kipi kinachakachulika, kipi hakichakachuliki (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulitazama gharama za kuagiza gari kutoka Japan hadi kulitoa bandarini Dar es Salaam. Leo tugeukie njia ya walio wengi, yaani kununua gari ambalo tayari liko nchini, iwe kwa mwenyewe, yadi, au kupitia dalali. Ushauri unaotolewa kuhusu jambo hili kwa kawaida ni orodha: angalia tairi, sikiliza injini, tikisa usukani. Orodha hizo si mbaya, ila zinauchukulia kila ushahidi kuwa na uzito sawa, na hapo ndipo mnunuzi anapolizwa. Hoja yangu ni kwamba kabla ya kujiuliza kitu fulani kwenye gari kinaonyesha nini, jiulize kwanza kingemgharimu muuzaji kiasi gani kukichakachua. Kinachobadilishwa kwa pesa kidogo na nusu saa ya kazi hakistahili kuaminiwa, hata kipendeze vipi. Kilicho kigumu au ghali kubadilisha ndicho cha kukitolea muda.

Kwa kipimo hiki, vitu viwili ambavyo wanunuzi wengi hukimbilia kwanza vinashuka hadi mkiani mwa orodha. Cha kwanza ni kilomita. Spidomita ya kisasa hurudishwa nyuma kwa kifaa kinachounganishwa na umeme wa gari, bila kufungua hata skrubu moja, na haiachi alama kwenye dashibodi. Cha pili ni namba ya usajili. Kwetu Tanzania bei hupangwa kwa herufi: gari "namba D" hivi, "namba E" vile, kana kwamba herufi hiyo ni cheti cha kuzaliwa. Herufi inasema gari lilisajiliwa lini nchini, basi. Gari la miaka 14 lililoshuka melini mwaka juzi litakuwa na namba mpya kuliko la miaka 8 lililoingia zamani. Naona ajabu kwamba watu makini kabisa katika mambo mengine huongeza milioni kadhaa kwa ajili ya kibati.

Umri wa kweli unatafutwaje? Namba ya chesisi haitoshi, kwa sababu magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japan hayatumii ule mfumo wa herufi na tarakimu 17 unaoweza kubeba mwaka. Yana alama ya modeli, kistari, kisha namba ya mfuatano. Badala yake, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Kwenye magari mengi utakuta kitambaa kidogo kilichoshonwa au kubandikwa karibu na shina, chenye tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda huo. Fanya hivyo kwa mikanda yote. Tarehe zikikaribiana, zikatangulia kidogo mwezi ambao gari linadaiwa kusajiliwa kwa mara ya kwanza, mambo yanaoana. Mkanda mmoja ukiwa mdogo kwa miaka kadhaa kuliko wenzake, uliza kwa nini, maana ajali iliyofyatua mifuko ya hewa mara nyingi hulazimu mikanda ya mbele kubadilishwa pia. Mkanda huohuo uliovutwa hadi mwisho unaweza kukuonyesha mstari wa tope, na hapo utajua gari lilizama, iwe kwenye mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, au kwingineko. Muuzaji huosha kapeti na viti. Ni wachache wanaokumbuka kuosha kipande cha mkanda kinacholala ndani ya nguzo.

Mtu atasema Wajapani wengi husafiri kwa treni, kwa hiyo kilomita chache kwenye gari lao si jambo la kutilia shaka. Ni kweli, lakini hoja hiyo inahusu kilomita lilizoingia nazo, na hizo zina kumbukumbu. Gari binafsi jipya nchini Japan hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Hati ya kulifutia gari usajili ili lisafirishwe nje hubeba tarehe ya usajili wa kwanza pamoja na kilomita hizo. Muuzaji aliyetunza hati hiyo na tafsiri yake amekupa hesabu nyepesi: toa kilomita za wakati lilipotoka huko kwenye zilizopo sasa, gawa kwa miaka liliyotembea hapa. Gari lililoingia mwaka 2019 likiwa na kilomita 68,000, likapigwa kazi ya teksi mjini, haliwezi leo kusoma 74,000. Raba ya pedali ya breki nayo itasema neno. Ikiwa imelika, linganisha na kilomita. Ikiwa mpya kabisa kwenye gari linalodaiwa kutembea kidogo, jiulize ya zamani iliisha vipi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba karatasi nazo hughushiwa. Nakubali, na ndiyo maana karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji ni mwanzo wa ukaguzi, siyo mwisho wake. Kadi ya gari inapata nguvu pale taarifa zake zinapolingana na kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato (TRA) na chesisi ikasomwa kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye picha ya simu. Kwa Kenya, utafutaji wa kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen huonyesha mmiliki aliyesajiliwa, na jina la benki likiwa kando ya la muuzaji ujue kuna mkopo. Huku kwetu, faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na madeni ya maegesho yako kwa wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA. Dakika 10 za simu zinatosha. Kuna jambo jingine ambalo madalali hulitaja kwa sauti ndogo: gari lililoingia kwa msamaha wa kodi. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi hudaiwa, na ikiwa haikulipwa kabla ya mauziano, anayesumbuliwa ni aliyekamatwa na gari.

Bodi nayo ina ushahidi ulio rahisi kuchakachua na ulio ghali. Rangi inayong'aa ni rahisi. Vichwa vya bolti zinazoshika boneti na mabawa ya mbele ni habari nyingine: rangi ya kiwandani ikipasuka kwenye kona za bolti, spana imepita hapo. Bawa kubadilishwa si kosa, lakini muuzaji aliyeapa kwamba gari halijaguswa amekwisha kujibu swali lako. Kama ipo karatasi ya mnada wa Japan, alama ya R kwenye gredi inamaanisha gari lilipata ajali likatengenezwa.

Kwenye injini, omba kulikuta gari likiwa limepoa, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, rudi kesho. Moshi wa bluu unaoashiria oili kuungua mara nyingi huonekana zaidi wakati wa kuwasha asubuhi. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini na ya mfuko wa hewa zinapaswa kuwaka kwanza, ndipo zizime. Isiyowaka kabisa huenda imenyamazishwa. Mashine ya kupima nayo isikulevye, kwani makosa hufutwa kwa kubonyeza mara moja. Mwambie fundi aangalie kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika, maana vikifutwa huhitaji gari litembee kwanza.

Wapo watakaosema fundi wao anatosha kwa yote haya. Fundi huona hali ya leo. Historia haisikiki kwenye injini. Tena mlipe ujira uleule ununue usinunue, wala asiwe ameletwa na dalali. Na kwa anayesema bei ya chini inafidia kila kasoro, inafidia zile zinazojulikana. Gia boksi mbovu ina gharama unayoweza kuulizia Kariakoo ukaipunguza kwenye bei, lakini gari lenye mmiliki mwingine mahakamani hakuna punguzo litakalolifaa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya fedha ibaki mkononi mwako hadi jina libadilike TRA. Jinsi ya kuliandika sharti hilo kwenye mkataba wa mauziano tutaliona wiki ijayo.