KATABI HAJAHAMA, TULIOHAMA NI SISI!

Ukisema kijiweni Dar kwamba kwenu ni Katavi, wenzio wanakutazama tu, hawajui ni wapi. Lakini ongeza kwamba zamani ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla ya kumegwa kuwa mkoa 2012, uone wanavyosogea pembeni. "Ahaa, kule kwenye radi za kutumwa!" Tangu hapo hakuna anayethubutu kukudai hata hela ya soda. Hiyo ndiyo raha yake. Balaa ni pale unapotaka kuoa na mashangazi wa binti wakasikia unakotoka.

Mimi ni wa Mamba, bonde la Rukwa, nchi ya Wapimbwe. Ni upande uleule anakotoka Mzee Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Kwetu kuna Wakatoliki wengi. Mapadri wa White Fathers waliingia Karema, kule Ziwa Tanganyika, 1885, na kazi yao ikasambaa hadi bondeni. Hivyo Jumapili kanisa linajaa kweli. Lakini kuna mzee mwingine ambaye hana kengele wala mimbari, na jina lake ndilo limebeba mkoa mzima. Huyo ni Katabi.

Katabi alikuwa mwindaji. Wabende na sisi majirani zao tunasema roho yake inakaa kwenye mkwaju, kando ya Ziwa Katavi, na hadi leo watu huacha sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka. Kichekesho ni kwamba mti uko ndani ya Hifadhi ya Taifa. Hifadhi ilitangazwa 1974, miaka ya 1990 ikaongezwa karibu mara mbili, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Kwa hiyo mzimu wa mwindaji umezungukwa na viboko na simba ambao ukionekana umemnyooshea gobole mmoja wao, unalala ndani. Sijui mwenyewe anajisikiaje, amekaa pale anatazama nyama inapita!

Wasomaji wangu wa mjini najua mmeshaanza kucheka. Haya, ngoja niwarudishe karibu. Ni wangapi mmekwenda Kaole, pale Bagamoyo? Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, na kuna kaburi la Sharifa ambako watu wanaomba dua na kuacha sadaka. Mnapiga picha, mnashusha sauti kwa heshima, mnarudi zenu mjini kula chipsi. Hakuna anayeambiwa mshamba. Mkwaju wa kwetu ndio unaitwa ushirikina.

Nasema hivyo kwa sababu mchumba wangu ni wa Bagamoyo, na mama yake ni mmoja wa hao wanaokwenda kwa Sharifa. Dini zetu ni mbili, hilo tuliache, lina gazeti lake. Nilipokwenda Mamba kutoa taarifa ya ndoa, bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mume wangu, umeniletea mke mwenza, sawa. Lakini huondoki hapa bila vitu viwili. Unga wa Katabi, na jembe."

Jembe nililielewa. Zamani kwa majirani zetu Wafipa chuma kilikuwa mali kuliko fedha, na majembe yalitolewa mahari. Walikuwa na tanuru za udongo ndefu, kama mita tatu hivi. Unapanga mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, na upepo unaingia wenyewe kwenye matundu ya chini, bila mivukuto, siku kadhaa mfululizo. Kinachotoka hakijawa safi, kinapelekwa kwenye tanuru ndogo, na hapo ndipo mivukuto inapulizwa. Hawakuishia kwenye chuma. Pamba ya bondeni ilisokotwa na kufumwa nguo hukuhuku, kabla mitumba haijaja kutuvika. Leo hakuna anayeyeyusha mawe. Mhunzi aliyenifulia jembe alikata springi ya gari chakavu, akaitia motoni, akaigonga hadi ikatii. Nilimtazama karibu asubuhi nzima. Ana wanawe watatu, wote wanaendesha bodaboda.

"Kazi hii haina bebi," alinitania, "ndiyo maana vijana hawaitaki."

Unga ndio ulioleta ugomvi. Mama yangu alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi. "Mwanangu hapeleki unga kwenye mti. Nimembatiza mimi!" Bibi akamjibu kwa upole kwamba hata yeye mama aliombewa pale kabla hajanizaa, ila alikuwa haambiwi. Ukimya ulioingia hapo, ungesikia sisimizi akikohoa. Mama alirudi jikoni, na siku mbili hakuongea na mama mkwe wake. Mimi nikawa nakula kwa zamu kwa wote wawili ili nisionekane nina upande.

Niliondoka na vyote, unga umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Basi la kutoka Kibaoni kwenda Sitalike linakatiza hifadhini, lakini halisimami ovyo, na hata lingesimama nani ashuke mbele ya simba? Nimekishika kifurushi mapajani, mzee mmoja wa pembeni yangu akakitazama, akanitazama, wala hakuuliza.

"Mwaga dirishani, kijana. Mwenyewe ataona."

Nikamwaga. Nusu ilirudi ndani kwa upepo, ikamtua konda kwenye shati jeusi. Alichosema hakiandikiki gazetini. Mama akisoma hapa najua nitaitwa, lakini gazeti huchelewa kufika Mamba.

Jembe nalo lilifika salama. Wajomba wa Bagamoyo walicheka walipoliona limewekwa juu ya mkeka pamoja na bahasha, mmoja akauliza kama tunaposa mke au tunafungua shamba. Mama mkwe hakucheka. Alilinyanyua, akalipima mkononi, akaligonga na kucha kusikia mlio wake. Kisha akauliza kama huko kwetu naweza kupata na la pili, maana alilonunua dukani mwaka jana limeshapinda.