Kwa nini Uganda iliwavusha twiga wake Mto Nile?

Mwendesha bodaboda anayejaza tangi lake Kansanga, kusini mwa jiji la Kampala, amezoea petroli iliyosafirishwa kutoka ng'ambo. Mafuta ya Uganda yenyewe, yaliyothibitishwa kuwepo kwa wingi mwaka 2006, yako kaskazini-magharibi mwa nchi. Sehemu yake imelala chini ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, na juu yake hulisha twiga.

Twiga hao ni wa jamii ya Rothschild, ambayo wanasayansi wengi sasa huihesabu kuwa sehemu ya twiga wa Nubia, walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Ilipofika mwaka 2016, Murchison ilikadiriwa kuwa na zaidi ya 1,250, idadi isiyo na mfano kwingineko. Tatizo ni kwamba waliishi ukingo wa kaskazini wa Nile, upande uleule uliotengewa visima vilivyo ndani ya hifadhi.

Januari 2016, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, UWA, pamoja na shirika la Giraffe Conservation Foundation, waliwahamisha twiga 18 hadi ukingo wa kusini. Mwaka uliofuata walivushwa wengine 19. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Twiga, jina la Kiswahili katika nchi ambayo shughuli zake nyingi za kiserikali huendeshwa kwa Kiingereza.

Kumhamisha twiga si sawa na kumhamisha ng'ombe. Moyo wake husukuma damu kwa nguvu nyingi ili ipande shingo ndefu, kwa hiyo akilala kwa dawa muda mrefu anaweza kufa. Daktari humpiga sindano ya usingizi kutoka mbali. Mnyama huanza kuyumba, askari wa hifadhi humzuia kwa kamba mpaka aanguke, na papo hapo huchomwa dawa ya kuivunja ile ya kwanza. Kuanzia hapo yu macho kabisa, amefunikwa uso na kuzibwa masikio, na anayemshikilia ni uzito wa watu tu. Huchaguliwa wadogo, kwani mzima hapiti kwa urahisi chini ya nyaya wala matawi. Baada ya kukaa zizini, walipakiwa kwenye lori na kuvushwa kwa feri ya Paraa.

Afrika Mashariki ina funzo jingine, chungu zaidi. Bwawa la umeme la Kihansi nchini Tanzania lilipoanza kazi, lilikata sehemu kubwa ya maji ya maporomoko yaliyowalowesha vyura wadogo wasiopatikana popote pengine duniani. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Waliobaki korongoni walikwisha, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Ni kizazi cha wale waliosafirishwa kilichorudishwa Kihansi mwaka 2012.

Kwa kipimo hicho, twiga 37 ni akiba zaidi kuliko uokozi. Wenzao zaidi ya elfu moja walibaki kaskazini, ambako mradi wa Tilenga unaoongozwa na TotalEnergies ulipangiwa maeneo 10 ya kuchimba visima ndani ya hifadhi, na bomba la kupitisha mafuta chini ya Nile yenyewe. Aidha, kuvuka mto hakumwepushi mnyama na mitego ya nyaya ya wawindaji haramu, ambayo imewakata miguu twiga wengi wa Murchison.

Twiga jike hubeba mimba kwa takriban miezi 15 na kwa kawaida huzaa ndama mmoja. Kundi la kusini, hata likilindwa vyema, litaongezeka polepole kuliko visima vinavyochimbwa ng'ambo ya pili.