Kuweka Akiba Butembo na Beni (Sehemu ya Pili): Riba, Sarafu na Siku ya Kutoa

Wiki iliyopita tulieleza ni nani wanaopokea akiba za watu katika miji yetu: mabanki, kopeki (ushirika wa akiba na mikopo), vikundi vya AVEC (vya akiba na mikopo kijijini), likirimba (michango ya kupokezana kwa zamu), na wakusanyaji wa karte wanaozunguka masokoni. Wiki hii tunafikia swali ambalo wengi huanza nalo: nani anatoa riba nzuri? Nasema swali hilo liulizwe mwisho. Yako matatu ya kutangulia: feza hizi nitazihitaji lini, nitazitumia kwa sarafu gani, na nitakatwa kiasi gani. Aliyejibu hayo ataona mwenyewe riba inayomfaa.

Siku ya kutoa

Tumchukue mkulima wa kakao wa upande wa Mangina au Oicha. Mavuno yakiuzwa, anapokea kwa muda mfupi feza zitakazomlisha miezi mingi. Sehemu moja ni ya chakula na dawa, na hajui ataihitaji siku gani. Sehemu nyingine ni ada ya watoto, ambayo tarehe yake anaijua: Septemba, shule zinapofunguliwa. Inayobaki ni ya kununua shamba au mabati, pengine baada ya mwaka mzima.

Feza za namna tatu hazifai kulala mahali pamoja. Ile ya dawa ikae kwenye simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, au kwenye konti ya kawaida. Hapo riba ni ndogo au haipo kabisa, lakini mgonjwa akizidiwa usiku, kuna la kufanya. Ile ya shule ikae kwenye kitabu cha akiba. Ya shamba ndiyo pekee inayofaa akiba ya muda maalumu, ambayo mabanki huiita DAT: unaifunga kwa miezi 6 au 12 na kulipwa riba kubwa zaidi. Ukiivunja kabla ya siku, kwa kawaida unapoteza riba yote au sehemu yake.

Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi kuielewa. Riba yako inatoka kwa mtu aliyekopeshwa feza zako. Banki ikijua hutazidai kabla ya mwaka kwisha, inaweza kumkopesha mfanyabiashara kwa utulivu, nawe unalipwa kwa kungoja. Kwa hiyo anayekuahidi riba kubwa kupita kiasi, muulize: ni mkopaji gani huyo anayeweza kulipa zaidi ya hapo? Wazee wanakumbuka mchezo wa Bindo kule Kinshasa. Waliotangulia walilipwa kwa feza za waliofuata, na wapya walipopungua, mwaka 1991, yote yakaanguka na akiba za familia nyingi zikapotea.

Kutoa kunategemea pia mahali, na sisi tunalijua jambo hilo kwa uchungu. Tangu 2014 mauaji yamewahamisha watu wa vijiji vya Beni mara nyingi. Mtu wa Oicha aliyekimbilia Butembo anahitaji kaunta Butembo. Salio lililobaki kwenye tawi lililofungwa halimnunulii unga. Goma ilipotekwa Januari 2025, mabanki yalifunga milango, na watu waliokuwa na feza humo wakashindwa kuzigusa. Hata bila vita hayo hutokea: mwaka 2016 BIAC, moja ya mabanki makubwa ya nchi, ilipungukiwa feza, na wateja wakapanga mistari ili wapewe kiasi kidogo tu. Uliza, basi, nyumba unayoiwekea feza ina matawi wapi, makao yake makuu yako mji gani, na tawi lako likifungwa utahudumiwa wapi. Na kama akiba yako ni kubwa, igawe kwenye nyumba mbili.

Sarafu

Hapa ndipo wengi wanapopoteza bila kuona. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilibadilishwa kwa faranga kama 930. Mwishoni mwa 2017 ilikuwa inakaribia 1,600. Tuseme mama mmoja aliweka faranga 930,000, yaani dola 1,000 za siku ile, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili kitabu chake kingeonyesha faranga 1,125,300. Akizibadilisha, angepata kama dola 700. Riba ililipwa yote, na bado theluthi karibu nzima ya thamani ilipotea.

Wapo wanaosema kwa hiyo tuweke dola siku zote. Si hivyo. Katika miezi ya mwisho ya 2025 faranga ilipanda thamani kwa nguvu, na wenye akiba ya dola waliokuwa wakilipa kila kitu kwa faranga waliumia. Kanuni iliyo salama ni kuweka akiba kwa sarafu utakayoitumia. Anayengoja kulipia kontena la bidhaa kutoka Dubai au Guangzhou aweke dola. Anayeweka kwa ajili ya matumizi ya nyumbani ya mwezi ujao hana haja ya kubadilisha feza mara mbili na kupoteza kila mara.

Makato

Chukua mfano. Umeweka dola 600 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka: utapata dola 18. Konti hiyo ikikatwa dola 2 kila mwezi, kwa mwaka zinaondoka 24. Umepungukiwa dola 6 mahali ulipotumaini kukua; ungehitaji kuwa na zaidi ya dola 800 ndipo uanze kupata. Karte nayo ina bei yake: mwenye kuweka faranga 1,000 kila siku kwa siku 30 hurudishiwa 29,000, siku moja ikiwa ya mkusanyaji. Huduma hiyo inawafaa akina mama wasioweza kuacha meza zao sokoni, lakini wajue kwamba wanalipia kuwekewa.

Sasa riba

Ukifika kaunta, uliza kama asilimia unayotajiwa ni ya mwezi au ya mwaka. Uliza inahesabiwa juu ya salio lipi. Nyumba nyingine huhesabu salio la chini kabisa la mwezi: ukikaa na dola 500 hadi tarehe 28 kisha ukatoa 400, riba ya mwezi mzima itahesabiwa juu ya 100. Kwa nyumba kama hiyo, ni bora kusubiri tarehe mosi ndipo utoe.

Kwenye kopeki, tofautisha hisa na akiba. Hisa inakufanya mwanachama mwenye kura moja sawa na wengine wote, lakini hutaitoa utakavyo kama akiba. Kopeki zilipewa sheria yake Februari 2002, na lazima ziwe na kibali cha Banki Kuu ya Kongo. Omba kukiona. Mhasibu mwaminifu hatakasirika, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

Feza hizi zimetoka jasho la watu waliolima huku wakisikiliza milio ya risasi. Wana haki ya kuuliza kila swali hapa, kwa sauti, na kupewa majibu yaliyoandikwa. Wiki ijayo tutafungua sanduku la AVEC na kueleza kwa nini lina kufuli tatu, na namna kikundi kinavyogawana faida mwisho wa mzunguko.