Siku Kuu na Likizo kwa Kifaransa

Naandika kutoka Mibirizi. Ninyi mliotutangulia mlifundishwa karibu kila somo kwa Kifaransa. Sisi wa leo, tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, twakipata Kifaransa katika vipindi vichache tu. Lakini ukivuka mto Rusizi umefika Bukavu, na huko barua na kadi za harusi nyingi huandikwa kwa Kifaransa. Basi nataka kueleza kidogo namna ya kusema juu ya siku kuu na likizo.

Kwanza, tusiogope, maana maneno mengine tunayo tayari. Misheni yetu ilifunguliwa na Mapadre Weupe mwaka 1903, na Kinyarwanda kikapokea maneno ya Kifaransa pamoja na siku zenyewe. Noheli ni «Noël». Ubunani, yaani Mwaka Mpya, ni «Bonne année». Asomusiyo ya tarehe 15 Agosti ni «Assomption».

Pili, likizo. Likizo ya shule ni «les vacances», nayo huwa katika wingi sikuzote. Ukiandika «la vacance» umesema kazi isiyo na mtu! Siku ambayo sheria imeifanya ya mapumziko kwa watu wote ni «un jour férié».

Tatu, tarehe. Kifaransa hakitaki neno lolote mbele ya tarehe ila «le». Uhuru wetu wa mwaka 1962 twaukumbuka «le premier juillet», na siku ya Ukombozi ni «le 4 juillet». Angalia: siku ya kwanza ya mwezi peke yake huitwa «premier», nyingine zote ni hesabu ya kawaida. Mwezi hutanguliwa na «en»: «en août». Umuganura, siku kuu ya mavuno, huwa «le premier vendredi d'août». Siku kuu zenyewe hutanguliwa na «à»: «à Noël», «à Pâques», lakini «à l'Assomption», «à la Toussaint».

Nne, kutakiana heri. Sifa hufuata jina lake: «Joyeux Noël», kwa kuwa Noël ni la kiume, «Bonne année», kwa kuwa année ni la kike, «Joyeuses Pâques», la kike katika wingi. Kwa mzee andika «je vous souhaite». «Je te souhaite» ni ya rika lako. Mdogo asiyejua tofauti hiyo ataonekana hana adabu, kumbe hana sarufi.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka jana nilimwandikia shangazi yangu, aliyekuwa mwalimu wa Kifaransa, ili nijizoeze. Nilimwalika aje kwetu «à Pâques», kisha nikaongeza juu ya tarehe 7 Aprili: «nous fêterons». Kichwani mwangu nilikuwa na neno la Kiswahili, kuadhimisha, ambalo hufaa kwa furaha na kwa msiba. Lakini «fêter» ni kushangilia. Na tarehe 7 Aprili twawakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hapa Mibirizi penyewe watu waliuawa parokiani walikokimbilia. Shangazi alipoteza ndugu zake mwaka huo.

Hakunikaripia. Alinirudishia barua yangu, neno lile limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake ameandika «commémorer». Chini aliuliza kwa Kinyarwanda: «Kwibuka na kwizihiza ni kitu kimoja?»

Niliona haya, nikaelewa. Kinyarwanda hutenga kukumbuka na kushangilia, sawasawa na Kifaransa. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, nami sikuliuliza.

Basi, wanafunzi wenzangu, kabla hujaandika neno la siku yoyote, jiulize kwanza: siku hii twacheza ngoma, au twanyamaza? Ikiwa ni ngoma, andika «fêter». Ikiwa ni kimya, andika «commémorer». Nanyi wakubwa wetu, mkipata barua zetu zenye makosa, msituchoke, zirudisheni zimesahihishwa. Shangazi alikuja Pasaka ile.